Namba ya Marehemu Imesoma

Jumatatu, 7 Julai

Simu yangu imekufa. Nilikuwa nikijalidi upya kamusi ya mwalimu jirani. Nikaiweka simu ukingoni mwa meza, kiwiko kikaisukuma, ikatumbukia katika bakuli la gundi. Gundi ya wanga, nzito, bado ya moto! Kosa ni langu. Miaka arobaini na mmoja kiwandani niliwafundisha wanagenzi kwamba mezani hakiwekwi kitu ila kile kinachofanyiwa kazi.

Nilikwenda kwa fundi simu wa njia panda. Ni mwanamke, umri wake hauzidi ishirini na tano, kucha ndefu za rangi, lakini bisibisi anaishika kwa adabu, kama mshonaji vitabu aishikavyo sindano. Aliigeuza simu, akainusa. Babu, hii umeipika? Nikaomba radhi kwa hali yake. Akasema simu ndiyo basi tena, ila laini ni nzima. Je, nyumbani hakuna nyingine?

Ipo. Ya marehemu mke wangu. Imelala ndani ya droo tangu mwezi Machi, imefungwa katika kitambaa alichokifuma mwenyewe. Nikarudi kuichukua.

Ina nafasi mbili za laini. Fundi ameiacha ya marehemu mahali pake, yangu ameipachika kando. Kisha akauliza kama akaunti ya bibi aifute. Nikasema: samahani, usiifute. Hakuniuliza sababu. Namshukuru, kwa kuwa sikuwa nayo.

Sasa simu ina milango miwili: mmoja kwa namba yangu, mmoja kwa namba yake. Nimeishonea jalada la ngozi nyeusi. Kuilinda tu — ndivyo nilivyojiambia. Binti yangu aliporudi kutoka zamu (ni mkunga, wodi ya wazazi) nilimwambia nimepata simu ya muda. Akasema vizuri, Baba, akaenda kujinyoosha.

Jumanne, 8 Julai

Mlango wake nimeufungua. Ujumbe 1,126 haujasomwa. Karibu wote ni wa kundi moja: Sindano na Uzi, kikundi chake cha kushona. Wanawake kumi na mmoja, na yeye wa kumi na mbili. Binti yetu aliingizwa humo wakati wa ugonjwa, ili atoe taarifa za hospitali, naye hakutoka.

Nilisita. Ni barua za watu. Lakini walimu wetu wa misheni walitukazia kwamba barua haiachwi bila kufunguliwa, maana aliyeiandika anangoja. Na katika nyumba hii hakuna mwingine wa kuzifungua. Hoja dhaifu, naijua. Nimezisoma kuanzia ya kwanza, kwa mpangilio, kama karatasi zinazosubiri kukunjwa. Asubuhi yote.

Siku ya mazishi walimwandikia yeye mwenyewe. Mmoja mmoja. "Dada, mkasi wako ninao, nitautunza." "Lile gauni la kijani nimelimalizia pindo, pumzika." Hakuna aliyewaambia kwamba namba ile haisomi. Walijua.

Nimefunga simu nikaenda kumwagilia maua. Hayakuhitaji maji, mvua ilinyesha jana.

Alhamisi, 10 Julai

Kwa kuwa sina kazi nyingine ya maana, nimelinganisha. Makundi mawili, siku moja, tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Mlango wangu mimi una kundi la Wastaafu wa Chapa: wanaume kumi na wanne tuliofanya kazi kiwanda kimoja.

Wanaume. Video ishirini na mbili. Za mpira, ya waziri wa nchi ya mbali akijikwaa ngazini, ya mzee wa miaka mia moja na minne anayeruka kamba. Onyo moja dhidi ya kula ndizi pamoja na maziwa. Ubishi mmoja juu ya mwaka ambao mashine kubwa ya chapa ilifungwa — kwa muda wa saa tatu na nusu! Mpiga Chapa, aliyekuwa msimamizi wangu na ambaye hata leo huandika kwa herufi kubwa tupu, alimwita Mhasibu mbumbumbu. Mhasibu akatoka kundini. Saa sita akarudishwa. Siku nzima hakuna aliyemwuliza mwenzake swali ambalo jibu lake hakudhani analo tayari.

Wanawake. Mama Pacha aliuliza: mmoja wa mapacha anashika sikio na kulia, nifanyeje? Majibu tisa ndani ya robo saa. Binti yangu akauliza kama kuna usaha. Mpishi wa shule akasema asitie mafuta, asithubutu! Mwenyekiti wao akaandika neno moja: nakuja. Na akaenda kweli. Saa nane alitoa taarifa kutoka huko huko kwamba homa imeshuka. Baadaye walicheka sana juu ya sidiria ya mtu fulani. Hapo niliruka. Samahani kwao.

Nisiwe mwepesi wa kuhukumu. Siku moja si ushahidi.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeona jambo. Katika Wastaafu, Mpanga Herufi hajaandika neno tangu tarehe 19 Juni. Wiki tatu na ushei. Huyu ndiye aliyekuwa akitutakia asubuhi njema kila siku kwa picha ya ua. Ua limekoma, na hakuna aliyeona. Nami sikuona.

Niliandika: "Ndugu zangu wapendwa, samahani kwa usumbufu. Je, yuko ajuaye hali ya mwenzetu Mpanga Herufi? Wenu mtiifu." Majibu: vidole gumba vinne. Na video moja, ya mbwa anayeendesha baiskeli, aliyoituma Mpiga Chapa bila neno.

Kwa kina mama, jana Mpishi alichelewa kusalimia hadi saa tatu asubuhi. Watatu walikuwa wamekwisha kumpigia.

Jumapili, 13 Julai

Leo nimesoma jambo ambalo sikuandikiwa mimi, nalo lanihusu kuliko yote niliyowahi kuandikiwa.

Binti yangu aliliandikia kundi saa nane mchana, akiwa chumbani kwake, hatua kumi kutoka kiti changu. Amepata nafasi katika chuo cha walimu wa ukunga. Miaka miwili, katika mji ambao basi huondoka alfajiri na kufika jioni. Aliomba tangu mwaka jana. Mama yake ndiye aliyemsukuma. Fomu hujazwa mtandaoni, mwisho wake Ijumaa ya tarehe 25, saa kumi jioni. Atakataa.

Walipiga kelele wote — kwa maandishi, lakini zilikuwa kelele. Kwa nini! Una wazimu? Nafasi kama hiyo inakuja mara ngapi?

Akajibu: "Baba nitamwacha na nani? Hajui hata kuwasha jiko la gesi. Kaka ana vyumba viwili na watoto watano."

Mwenyekiti: mwulize mwenyewe.

Na yeye: "Baba haulizwi. Ukimwuliza chochote anasema nenda mwanangu, samahani kwa usumbufu. Hata ukimwambia unampeleka jela ataomba radhi kwa kuchelewa kuvaa viatu. Nina miaka thelathini na minne na sijawahi kujua baba yangu anataka nini. Mama ndiye aliyekuwa akinitafsiria."

Nimeusoma mara tano. Nimetafuta la kusahihisha, sikuliona.

Saa kumi alitoka, akaniuliza kama ninataka chai. Nikasema: kama si usumbufu. Nikayasikia maneno yangu mwenyewe! Alikwisha kugeuka kwenda jikoni.

Jumatatu, 14 Julai

Jiko la gesi. Ningeweza kumwuliza binti. Ningeweza kumwuliza mke wa mwalimu jirani, angekuja kwa dakika mbili. Nimeuliza mtandao. Niliandika: "Naomba kufahamishwa namna ya kuwasha jiko la gesi kwa usalama." Ukanijibu bila kunitazama. Sasa nawaelewa kidogo wanaume wenzangu: mashine haicheki, wala haimwambii mtu kwamba mzee wa miaka sabini na sita ameuliza swali la mtoto.

Niliwasha. Nikazima. Nikawasha tena, bila haja.

Baada ya hapo nikauliza juu ya wali. Kisha, kwa kuwa nilikwisha kuzoea, nikauliza kama mgane wa umri wangu aweza kuishi peke yake. Ukaniletea matangazo ya viti vya magurudumu.

Jumatano, 16 Julai

Wali umeungua. Video ilisimama katikati — bando lilikuwa limekwisha — nami nikakaa nikiingoja iendelee badala ya kutazama sufuria. Moshi! Nilifungua madirisha yote. Sufuria nikaificha chini ya sinki, nyuma ya ndoo, niisugue kesho binti akiwa zamuni.

Saa kumi na moja jioni, nikiwa nimekwisha kununua bando jipya, nikayasoma haya kundini: "Baba kaunguza sufuria kubwa ya Mama. Kaificha chini ya sinki kama mtoto wa darasa la pili. Nyumba nzima inanuka, yeye kakaa na gazeti lake, ananiambia leo kuna joto ndiyo maana kafungua madirisha."

Walicheka mistari minne mizima. Mama Pacha akasema afadhali huyo anaficha sufuria, wake yeye huficha na bili. Nami nilikuwa pale pale kitini, gazeti mkononi, simu ndani ya gazeti, nikisoma habari zangu huku mwandishi wake akipita mbele yangu na ufagio. Baba, nyanyua miguu. Nikanyanyua.

Kisha jambo la ajabu. Mpishi aliandika bila kuombwa: "Kwa yeyote anayehitaji. Mchele kikombe kimoja, uoshe mpaka maji yatoke safi. Maji vikombe viwili. Chumvi kijiko kidogo. Yakichemka tia mchele, punguza moto hadi mwisho kabisa, funika. USICHUNGULIE. Dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani, si kwa kukisia."

Nani katika kundi la wanawake wazima asiyejua kupika wali? Niliyanakili kwa kalamu hata hivyo.

Ijumaa, 18 Julai

Nimepika. Sikuchungulia. Dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani. Chini umeshika kidogo, lakini umeiva. Na mayai mawili.

Binti alirudi akasimama mbele ya meza, koti la kazi bado begani. Umejifunza wapi? Mtandaoni, nikasema. Si uongo. Akala, akaongeza. Nilitaka kumwambia: waona, naweza. Nikasema: samahani kama chumvi imezidi.

Kundini aliandika neno moja: "Kapika." Mpishi akatuma mikono inayopiga makofi, mingi. Mama Pacha akatuma mpiga tarumbeta. Kisha binti: "Msishangilie. Wali si miaka miwili."

Ni kweli. Wali si miaka miwili.

Jumapili, 20 Julai

Mwenyekiti amekuja. Alikuwa mwalimu mkuu, na hata sasa hubisha hodi kama anayekagua darasa. Binti alikuwa kazini. Nilimpa kiti, nikaomba radhi kwa vumbi la karatasi, nikamwandalia chai. Hakuigusa.

Akasema: Shemeji, marehemu anasoma.

Nikamwuliza ana maana gani. Akatoa simu yake, akanionyesha kwa kidole, polepole, kama amfundishaye mtoto kuhesabu. Ujumbe ukitumwa huwekewa alama moja. Ukiwafikia watu wote wa kundi, alama mbili. Wote wakishausoma, alama zinageuka buluu. Tangu Machi, katika Sindano na Uzi, kila ujumbe ulibaki na alama moja, kwa kuwa simu moja ilikuwa imezimwa. Wakaizoea. Mpishi alisema ile ndiyo nafasi yake mezani, iachwe.

Asubuhi ya tarehe 8 Julai alama za miezi mitatu na nusu ziligeuka buluu.

Mpishi aliangusha mwiko. Mama Pacha alijifungia chooni akalia. Mwenyekiti mwenyewe alikaa chini kwanza, akavaa miwani, akatazama tena. Ndipo wakajua. Nani mwingine, Shemeji, angesoma ujumbe elfu moja na zaidi asubuhi moja, bila kuruka!

Sikuwa na mahali pa kuweka mikono. Maisha yangu yote nimeshughulika na vitabu. Sikupata kusikia kwamba kusoma kunaacha alama. Nilimwomba radhi. Nikamsihi anifikishie radhi kwa wote, mmoja mmoja, hata kwa habari ya — nikakohoa — lile vazi. Akasema: hilo vazi lilikuwa langu, nimekusamehe.

Je, binti anajua? Hajui. Anarudi miguu imevimba, hana macho ya kutazama alama. Nikauliza waliwezaje kuzungumza habari zangu bila yeye kuona. Akanitazama kwa huruma. Tulifungua kundi jingine bila yeye. Ninyi wanaume mkikasirika mnatoka kundini, Shemeji. Sisi tunafungua jingine.

Na ule wali wa "yeyote anayehitaji"?

Ulikuwa wako, baba wee. Ulidhani wa nani?

Alipoinuka alisema hakuja kunisuta. Hawakumtoa marehemu kundini wala hawakunisema, kwa sababu mtoto yule ana la kumwambia baba yake na mdomo hautaki. Sasa umesikia. Zimebaki siku tano. Mwambie unataka nini. Nikaanza: nisingependa kumsumbua — Akainua kidole. Nadhani hata maua nje yalinyamaza.

Jumatatu, 21 Julai

Sikusema.

Jumanne, 22 Julai

Alikuwa na zamu mbili mfululizo. Nilimwandalia maji ya moto ya miguu. Akasema asante, Baba. Sikusema.

Jumatano, 23 Julai

Nimefanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: nimewauliza wanaume. Niliandika rasimu kwanza kwenye karatasi. "Ndugu zangu, binti yangu amepata masomo ya mbali na anataka kuyaacha kwa ajili yangu. Ninyi mngefanyaje?" Maneno "samahani kwa usumbufu" niliyafuta mara mbili, yalijileta yenyewe, simu imekwisha kuyakariri.

Saa nne asubuhi nikatuma. Vidole gumba saba. "Kila la heri mzee mwenzangu." Video ya simba akimfundisha mwanawe kuwinda. Mhasibu akauliza chuo hicho kilijengwa mwaka gani, wawili wakambishia, hadi saa saba walikuwa wamefika kwenye bei za saruji za zamani.

Saa nane ukaja ujumbe wa faragha. Kutoka kwa Mpiga Chapa! Herufi ndogo tupu. Sikujua kwamba simu yake inazo.

"usiseme kundini. wangu alibaki. mama yake alipofariki alikuwa na nafasi ya kwenda, akaniuliza, nikamwambia fanya utakavyo. akabaki. sasa ana miaka hamsini na mbili. ananipikia vizuri, ananifulia. mezani hatuna la kuongea. ile fanya utakavyo mimi niliiona ni heshima."

Baada ya dakika mbili, mwingine: "na mpanga herufi usiwe na wasiwasi. mkono wa kulia umepooza, hawezi kuandika. naenda kila jumamosi. ile ya mbwa niliituma kwa ajili yake, anaipenda sana."

Basi. Niliyoyaandika tarehe 10 na tarehe 12 yana kasoro. Siyafuti, lakini sikuwatendea haki. Kina mama huliweka jambo mezani, likashikwa na mikono kumi. Hawa wetu hulibeba mfukoni, mmoja mmoja, na juu yake hufunika mbwa wa baiskeli. Mimi sijaliweka mezani wala sijalibeba kokote. Nimekaa nalo tu.

Alhamisi, 24 Julai

Chakula cha jioni. Nilijikaza kisabuni. Nikasema: mwanangu. Akaweka kijiko chini, akanitazama. Naam, Baba.

Nikasema gesi inakaribia kwisha.

Ijumaa, 25 Julai

Niandike upesi.

Leo hana zamu. Fomu iko wazi mezani sebuleni, katika kompyuta mpakato aliyoiazima wodini. Tangu saa tano anakaa na kunyanyuka. Ina vitufe viwili, niliviona nilipopita: Nakubali. Nakataa.

Kwa mdomo nimeshindwa siku tano. Nikaona nimwandikie. Na kwa kuwa yote yalisemwa katika Sindano na Uzi, nikaona uungwana ni kujitokeza huko huko, mbele ya wote niliowasoma; niungame kwanza, kisha nimjibu. Saa tisa nikaketi chumbani, nikaanza kwa kidole kimoja. "Akina mama wapendwa, na wewe binti yangu." Nikafuta. Nikaanza tena. Nikafuta. Dakika thelathini na tano.

Sikujua. Mwenyekiti alinifundisha alama za kusoma. Za kuandika hakunifundisha. Kumbe mtu akiandika, hata kabla hajatuma, wenzake huonyeshwa jina lake, na kwamba anaandika!

Sebuleni kiti kilianguka.

Aliingia bila hodi. Simu yake ameishika mbali na mwili, kama sahani ya moto. Juu ya kioo: Mama anaandika. Akanitazama, akaitazama simu yangu katika jalada jeusi. Akaichukua mkononi mwangu, akalivua jalada — lilitoka kwa shida, nimelishona vizuri mno — akaitambua.

Dakika thelathini na tano, Baba. Nimekaa pale namwangalia Mama anaandika, anaacha, anaandika. Najua haiwezekani. Najua kabisa! Na bado nikangoja aniambie nifanye nini.

Nikafungua mdomo. Akasema: usithubutu. Hilo neno lako usiliseme.

Tangu lini? Tarehe nane. Umesoma yote? Yote. Na sufuria? Na sufuria. Hapo midomo ilimtetemeka. Huenda ni kicheko, huenda sicho. Sikuweza kupambanua, naye hakuendelea. Aliketi kitandani, upande wa mama yake. Simu zote mbili zilikuwa zikiita — kina mama, wote wameona. Hakupokea hata moja. Mimi pia sikupokea.

Aliposema tena, sauti ilikuwa ya chini, ya wodini, ile ambayo nadhani huitumia kwa mwenye uchungu. Basi wewe sasa unajua yangu yote. Mimi yako sijui hata moja. Niambie. Si Mama, si Mwenyekiti, si kundi. Wewe. Nikibonyeza Nakubali, wewe utakuwaje? Usinijibu kwa upole wako, Baba, nakuomba. Nijibu.

Nikamwomba dakika kumi nipange maneno. Akatazama saa. Akasema haya, akarudi sebuleni, mlango akauacha wazi.

Sasa ni saa kumi kasoro dakika kumi na nne. Napanga hapa.

"Nenda mwanangu, mimi nitakuwa salama." Hilo ndilo lile lile alilolikataa.

"Fanya utakavyo." Hapana. Hapana kabisa.

"Baki." Nimeliandika nione lilivyo. Mkono haukusita. Limenitisha.

"Nitaiogopa nyumba hii kuanzia saa kumi na mbili jioni. Nitakula wali ule ule. Nitazungumza na bakuli la gundi. Nenda." Hili linakaribia. Lakini hiyo "nenda" ya mwisho nimeisoma mara tatu, nione kama ni kweli au ni adabu, na siwezi kuzitenganisha. Nimezishona pamoja miaka mingi mno.

Anaita. Baba! Hakuna hasira ndani yake. Amevuta kiti cha pili karibu na chake. Nimesikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu. Zimebaki dakika sita.

Sentensi sina. Nakwenda hivyo hivyo.